Vifungo Vyeusi vya Mwezi wa Tatu

Katika kiwanda kile cha kushona sare kulikuwa na mafundi arobaini na sita, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kutupa kifungo kizima. Shati likichakaa hadi likawa tambara la kupangusia cherehani, litapangusia cherehani likiwa halina vifungo. Mama Pindo, mkongwe kuliko wote, alikuwa na kopo la vifungo nyumbani kwake ambalo watoto wa ukoo mzima walijifunzia kuhesabu. Mumewe alipenda kusema kwamba siku akishikwa na homa kali, kabla ya kuitiwa daktari ataangaliwa kwanza kifuani, kama shati alilovaa lina vifungo vya maana. Alisema kwa utani, lakini shati lake la kulalia lilikuwa halina kifungo hata kimoja.

Karani wa utumishi aliyajua haya yote tangu utotoni. Mama Pindo alikuwa mama yake mdogo. Ndiye aliyemlea, ndiye aliyemsomesha, na ndiye aliyemnong'oneza kwamba kiwandani wanatafuta karani. Kwa hiyo mtu mwingine yeyote angeweza kusamehewa kwa kosa lililokuja kutokea, ila yeye hapana. Alianza kuhesabu vifungo akiwa na miaka minne, na bado vikamchezea shere.

Mambo yalianza alipokuja meneja mpya. Kabla yake, kila fundi alishona nguo nzima peke yake mezani pake, kuanzia kola hadi pindo, na kabla ya kuikabidhi alipiga mishono mitatu ya uzi wa rangi yake kwa ndani ya pindo, mahali pasipoonekana. Mama Pindo alitumia uzi wa rangi ya machungwa. Wateja wengine walikuwa wakifika kaunta, wanageuza pindo kwanza, ndipo wanauliza habari za nyumbani. Meneja akaja na utaratibu wa mstari: huyu anashona kola tu, anampa mwenzake anayeshona mikono tu, yule anampa wa vifungo, na nguo inatembea hivyo mpaka kwenye pasi. Katika mstari hapakuwa na nafasi ya mishono mitatu ya mtu yeyote. Nguo ilikuwa ya wote, na kitu cha wote, mafundi walisema, ni kitu cha nani?

Lakini meneja hakuwa mtu wa kulazimisha. Alitangaza kwamba kwa miezi sita siku tatu za wiki zitakuwa za mstari na siku mbili za meza za zamani, na kila mwisho wa mwezi atapima wangapi wanaunga mkono. Siku wakipita thelathini na watano, meza zitatolewa moja kwa moja. Wasipofika, watu watakaa chini wazungumze upya. Kazi ya kupima akamkabidhi karani, ambaye alikuwa bado kwenye muda wa majaribio, na akamwambia waziwazi kwamba barua yake ya ajira itategemea kipimo hicho. Binti wa watu akarudi mezani kwake, akanoa penseli tatu.

Alianza na karatasi. Zikarudi zote arobaini na sita zimeandikwa "ndiyo", na moja "ndiyo sana". Mafundi wanajuana kwa mishono, sembuse mwandiko. Nani angejitia kitanzi kwa kalamu yake mwenyewe? Meneja alizitazama karatasi zile, akasema kwamba kama watu wangekuwa na furaha kiasi hicho, basi asingekuwa anasikia ukimya ule kila anapopita. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na yeye alikuwa na masikio.

Ndipo karani akabuni vifungo. Kila fundi atapewa viwili, cheupe na cheusi. Ataingia kwenye chumba cha kujaribia nguo, atashusha pazia, atatumbukiza kimoja kwenye kopo la rangi lililosafishwa: cheupe kama anaunga mkono, cheusi kama hapana. Kilichobaki atakitia mfukoni, hakuna wa kumkagua. Mafundi waliipenda mbinu hiyo, na tangu siku hiyo yeye akaitwa Bi Kopo.

Mwezi wa kwanza vilitoka vyeusi thelathini na kimoja na vyeupe kumi na vitano. Mwezi wa pili, vyeusi ishirini na vinane na vyeupe kumi na vinane. Bi Kopo alivitia kila mwezi kwenye chupa yake, akabandika karatasi yenye tarehe, akazipanga kwenye kabati la vioo ofisini kwa meneja, ili mtu asije akasema ametunga. Mama Pindo alipita siku moja kuleta fomu ya likizo, akavitazama vifungo vile vilivyokaa kabatini kama wageni wasio na kazi, akatikisa kichwa. Bi Kopo alidhani mama yake mdogo anasikitikia ule mstari.

Mwezi wa tatu, vyeusi vilikuwa tisa tu.

Alimwaga kopo mezani akahesabu mara tatu. Vyeupe thelathini na saba. Moyo ulimdunda, kwa kuwa hiyo ilikuwa zaidi ya thelathini na tano, na kwa kuwa alifikiria barua yake. Meneja aliposikia alisimama, akachora nukta mpya kwenye karatasi kubwa ya ukutani, akaunganisha nukta tatu kwa mstari uliopanda ghafla kama ngazi ya darini. Akamsifu Bi Kopo mbele ya wahasibu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: Bi Kopo alikwenda nyumbani kwa mwendo wa madaha, akajinunulia viatu njiani. Meneja naye akawaandikia wenye kiwanda, akaagiza meza za zamani zitolewe Jumatatu ya wiki iliyofuata.

Mafundi walipotangaziwa waliinua vichwa. Walitazamana. Mmoja wa wale wa kola aliangusha mkasi, akauokota, akaendelea na kazi. Bi Kopo aliwatafuta kwa macho wale thelathini na saba waliounga mkono, na hakuona hata mmoja aliyekuwa na uso wa mtu aliyepata alichotaka. Alijiambia kwamba huenda wamechoka. Oda ilikuwa kubwa mwezi ule, makoti ya walinzi mia mbili na arobaini.

Alhamisi mtunza stoo alikuja ofisini kwake akiwa na daftari na uso wa mtu aliyeona jini. Alikuwa mtu wa hesabu kavu, asiyependa miujiza. Alieleza kwamba kila koti la walinzi linachukua vifungo vinane vyeusi, na vifungo vyeusi viliadimika, mzigo mpya ulikuwa umekwama njiani. Kwa vile alivyotoa stoo, makoti manne yalipaswa kubaki wazi kifuani. Lakini makoti yote yalikuwa yameondoka yamefungwa vizuri.

"Vifungo thelathini na viwili, Bi Kopo," alisema. "Sikuvitoa mimi. Vimezaliana?"

Bi Kopo alicheka. Kisha akaacha kucheka. Alikumbuka kwamba mwezi ule alipokwenda stoo kuomba vifungo vyeusi arobaini na sita vya kupimia, mzee huyu alimhesabia kimoja kimoja kama mtu anayeng'olewa meno. Alimwambia atalifuatilia, na jioni hakupitia popote, alikwenda moja kwa moja nyumbani.

Mama Pindo alikuwa jikoni anakata mkate. Mumewe alikuwa ameketi karibu na dirisha na redio yake, anapunguza sauti kila mara mazungumzo yanaponoga. Bi Kopo alisalimia, akavua vile viatu vipya vilivyokuwa vinambana, akauliza moja kwa moja.

"Mama, mwezi huu ulitia kifungo gani kwenye kopo?"

"Hilo si ulisema ni siri?"

"Nilisema. Sasa nakuuliza kama mwanao."

Mama Pindo aliweka kisu chini. "Cheupe," alisema. "Cheusi nilikuwa nakihitaji."

Mzee wa redio alizima redio kabisa.

Basi habari ikatoka yote, bila haya wala majuto. Makoti ya walinzi yalikuwa yanaondoka Ijumaa ya wiki iliyopita. Vifungo vyeusi vimekwisha. Halafu huyu mtoto anapita na sahani, anamgawia kila mtu kifungo cheusi kizima, cha matundu manne, cha kung'aa, anawaambia wakitumbukize kwenye kopo la rangi. Na kila mtu alikwishaona vile vingine hamsini na tisa vimefungiwa kabatini kwa meneja, havishoni wala havifungi. Nani mwenye akili angekitupa cha sitini? Hawakupanga. Hawakuulizana hata. Kila mmoja aliingia nyuma ya pazia peke yake, akavitazama viganjani viwili vile, akatia cheupe, maana vyeupe vipo magunia na magunia, akatoka na cheusi akakishona kwenye koti.

"Lakini mama, cheupe maana yake unaunga mkono."

"Najua maana yake. Swali lako linarudi kila mwezi, mwanangu. Koti lilikuwa linaondoka Ijumaa."

Bi Kopo alikaa kwenye kiti. Alitaka kukasirika, akashindwa, kwa sababu angekuwa nyuma ya pazia lile na yeye angefanya vilevile. Kilichomjia ni hofu. Namba yake ya uongo ilikuwa imekwishafika kwa wenye kiwanda, na Jumatatu zingetolewa meza za watu ambao hawakuwa wamekubali. Akinyamaza, barua ya ajira anayo, na mama yake mdogo ataamka kila siku kwenda kushona mahali ambapo binti yake mwenyewe amemsemea neno asilolisema. Akisema, ataonekana karani asiyejua kupima hata kwa vifungo. Mama Pindo alimsogezea chai, wala hakumshauri kitu, na hilo lilikuwa gumu kuliko ushauri. Aliyezungumza ni mzee wa redio. Alisema usipoziba ufa utajenga ukuta, kisha akawasha redio yake.

Asubuhi ya Ijumaa alipiga moyo konde akaingia kwa meneja kabla hajaanza kufungua barua. Alimweleza yote akiwa amesimama: oda, mzigo uliokwama, vifungo thelathini na viwili, koti la Ijumaa. Alisema kosa ni lake, kwa sababu aliwapa mafundi kitu chenye kazi nyingine wakitumie kama neno. Meneja alisikiliza akiitazama ile nukta ya tatu ukutani.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Chumba kizima cha ushonaji."

"Kwa hiyo asiyejua nilikuwa mimi tu." Aliketi. Alionekana amekasirika kwelikweli, akachukua kalamu, akairudisha. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na Bi Kopo alichukua dakika nzima kuelewa kwamba mtu huyu anacheka.

Alicheka, lakini hakumwachia hivihivi. Alisema itabidi awaandikie wenye kiwanda barua ya pili, na barua ya namna hiyo haiandikwi kwa raha. Muda wa majaribio wa Bi Kopo utaongezwa mpaka miezi sita ya kipimo iishe. Meza zitabaki. Na kipimo kitarudiwa leo hiihii, kwa kitu ambacho hata fundi bahili kuliko wote hatakionea uchungu. Bi Kopo alitoka mle akiwa hana barua, na akashangaa jinsi alivyojisikia mwepesi.

Hicho kitu kilipatikana kwa kuuliza wenyewe. Alisimama katikati ya cherehani akawaomba radhi mafundi, akawauliza ni nini humu ndani wanachokitupa bila kufikiri. Wakabishana sana. Uzi mfupi? Hapana, unafaa kujazia mto. Chaki iliyovunjika? Ulizeni wakata nguo kama inatupwa. Mwishowe Mama Pindo akaokota sakafuni kipande cha kitambaa kidogo kuliko ukucha, chembamba, kilichokatika upande, akakiinua juu wote wakione. Hicho wote walikubali kwamba hutupwa. Kipande cha buluu kiwe ndiyo, cha kaki kiwe hapana.

Zilitoka buluu ishirini na kaki ishirini na sita. Bi Kopo alizipeleka kwa meneja akiwa amejiandaa kumfariji, lakini meneja alifuta nukta ya tatu, akaiweka chini mahali pake, akarudi nyuma hatua mbili. Kumi na tano, kumi na nane, ishirini. Mstari haukuwa ngazi tena. Ulikuwa kilima cha kupandwa polepole na mtu aliyebeba mzigo. "Lakini unapanda," alisema meneja, na alisema kama mtu aliyepewa kitu.

Siku ya Jumatatu, badala ya kutoa meza, watu walizikalia. Meneja aliuliza ni nini kinachowazuia wale ishirini na sita, na safari hii, kwa kuwa walikwishaona kwamba neno lao likikosewa hurekebishwa, walisema. Wengi hawakuuchukia mstari wenyewe. Kazi ilikuwa ya haraka, migongo iliuma zaidi kidogo lakini macho hayakuuma kama zamani. Kilichowauma ni ile mishono mitatu. Nguo inatoka haina mtu ndani yake. Walipomaliza, meneja alikiri kwamba hakuwahi kugeuza pindo la nguo ya kiwanda chake. Akageuza la suruali aliyovaa, akaikuta mishono mitatu ya kijani, na fundi wa kijani akainamisha kichwa kuficha meno.

Wakaafikiana hivi: kila nguo inayopita mstarini, anayeshona pindo atapiga mishono saba kwa ndani, kila mshono uzi wa rangi ya mmoja wa wale saba walioigusa. Mtunza stoo alilalamikia uzi kwa wiki mbili, kisha naye akaomba awe na rangi yake. Akanyimwa.

Mwezi wa nne zilitoka buluu ishirini na saba. Wa tano, thelathini na tatu. Bi Kopo alizihesabu bila kunoa penseli hata moja. Alikuwa akipita katikati ya cherehani asubuhi na kusikia kelele, vicheko, watu wakigombea nani kaharibu kola ya nani, na alijua namba itakavyokuwa kabla ya kulifungua kopo. Vile vifungo hamsini na tisa vilirudi stoo, vikashonwa, vikaenda zao.

Mwisho wa mwezi wa sita alilimwaga kopo mezani kama kawaida. Buluu thelathini na nane. Kaki saba. Jumla arobaini na tano. Alitazama ndani ya kopo, akalipindua, akaligonga chini. Kitu kikalia, kikabiringika hadi kwenye ukingo wa meza, akakidaka.

Kilikuwa kifungo cheusi. Kizima, cha matundu manne, cha kung'aa. Kwenye matundu yake ulikuwa umepitishwa uzi wa machungwa, ukafungwa fundo.

Thelathini na nane zilitosha na kupita. Meneja alisaini barua yake ya ajira siku hiyohiyo, na meza za zamani zikapangiwa kwenda kwenye chumba cha chakula, ambako watu walikuwa wakila wamesimama kwa miaka mingi. Bi Kopo alishukuru, akaitia barua kwenye mkoba. Kifungo alikishika mkononi njia nzima.

Alimkuta mama yake mdogo barazani, miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, ametulia. Alimsalimia, akaketi kwenye ngazi, akafungua kiganja.

"Mama, kumbe bado huutaki mstari."

"Siutaki," alisema Mama Pindo kwa upole. "Nitaushona. Ni mzuri kwa vijana, na wenzangu wanafurahi, nawaona. Wengi wape, mwanangu. Mimi nimewapa."

"Sasa mbona umetupa kifungo kizima?"

Mama Pindo alikitazama kile kifungo kwa macho ya mtu anayemtazama mtoto wake akienda safari. Alichezesha vidole vya miguu ndani ya maji.

"Ili usinikosee tena," alisema.

Bi Kopo alitoa daftari la vipimo kwenye mkoba, akaandika palepale, kwenye ngazi: ndiyo thelathini na nane, hapana nane. Akachomoa sindano iliyochomekwa kwenye khanga ya mama yake, akakata uzi wa cherehani uliokuwa umening'inia hapo, akakishona kile kifungo kwenye ukurasa, kando ya ile nane, akakikaza kwa fundo mara mbili. Mama Pindo aliinama kukagua mshono. Alisema umekaa vizuri.